Dungu la Familia Mwembeni

Shule zimefungwa, maembe yanaiva, na watoto wetu wako mtini. Kila Desemba mambo haya matatu hukutana, na kila Desemba wako watoto wanaouanza mwaka mpya wakiwa wamefungwa plasta mkononi. Mzazi aliyechoshwa na hofu hiyo huchukua moja ya njia mbili. Ama hupiga marufuku kupanda mti, na marufuku hiyo hudumu mpaka atakapofunga lango kwenda kazini. Ama huita mtu mwenye shoka. Njia ya pili ndiyo inayozidi kushamiri katika miji yetu. Mwembe ukishaangushwa, mahali pake huota fremu ya duka, au chumba cha kupangisha, au sakafu ya saruji ya kuegeshea gari. Watoto nao huingia ndani, wakajilaza kochini na simu, na sisi wazazi tukashangaa kuwa hawajui tena kucheza.

Iko njia ya tatu, nayo ndiyo tunayotaka kuijadili katika ukurasa huu: kuuacha mti ulipo na kujenga kivulini mwake dungu la familia nzima. Hatusemi kibanda cha watoto. Tunasema sakafu pana iliyoinuliwa kutoka ardhini, yenye kingo imara, yenye ngazi ambayo bibi anaweza kuipanda akiwa amevaa kanga zake, mahali ambapo baba, mama, wakwe, vijana na wadogo wao wanaweza kukaa mkeka mmoja baada ya alasiri.

Baadhi ya wasomaji watasema haya ni mambo ya sinema za Wazungu. Tunawaomba watazame bonde la mto Rufiji. Wakulima wa huko wamejenga madungu kwa vizazi vingi: vibanda vilivyosimama juu ya nguzo ndefu katikati ya mashamba. Msimu wa kilimo ulipofika, familia ilihamia huko, ikaamia ndege na kuwafukuza nguruwe, na mto ulipofurika maji yalipita chini na watu wakabaki juu, pakavu. Mwaka 1968 na 1969 serikali iliwahamisha wengi wao kutoka bondeni na kuwapeleka katika vijiji vya nchi ya juu, lakini wakulima waliendelea kurejea mashambani kwao na kwenye madungu yao. Kwa hiyo neno tunalo, ujuzi tunao, na kukaa pamoja juu ya nguzo si jambo geni kwetu. Jirani zetu wa Kenya nao wana habari ya nyumba ya mtini iliyovuma duniani, ile hoteli ya Treetops iliyojengwa mwaka 1932 katika msitu wa Aberdare juu ya mti wa mugumo, ambamo binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alikuwa amelala usiku baba yake alipofariki, Februari 1952. Hoteli ile iliteketezwa mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau. Ilikuwa nyumba ya wageni wenye kulipa ili watazame wanyama. Dungu la Rufiji lilikuwa la watu wa nyumbani, na sisi tunaona ndilo la kuigwa.

Swali ambalo mtu mwenye kuchunga dini yake hujiuliza mapema ni kama matumizi haya si israfu. Jibu letu ni kwamba linategemea kinachojengwa. Sakafu ya mita 3 kwa mita 3 huhitaji nguzo 4, mihimili miwili, boriti 9 za inchi 2 kwa 6, na mbao 15 hivi za inchi 1 kwa 8, pamoja na ngazi, kingo, bolti na makuti ya paa. Hiyo ni sehemu ndogo ya gharama ya fremu ya duka. Tunakiri kuwa fremu huleta kodi mwisho wa mwezi, na dungu haliingizi hata senti moja. Nyumba inayoishi kwa kodi haistahili kulaumiwa kwa kujenga fremu. Maneno yetu tunayaelekeza kwa yule ambaye hana dhiki hiyo, anayeukata mti kwa sababu tu majani yake yanachafua sakafu. Israfu tunaiona mahali pengine: katika vibanda vya picha, vyenye madirisha ya vioo, taa za rangi na ghorofa mbili, ambavyo mtoto huvichoka kabla mwezi haujaandama mara mbili, na ambavyo mtu mzima hawezi hata kusimama ndani yake.

Ukishaamua kwamba dungu ni la wote, vipimo vingi hujipanga vyenyewe. Urefu wa sakafu kutoka ardhini hauna haja ya kuzidi mita 1.5. Mtoto wa miaka mitano akiwa kimo hicho anajiona yuko mawinguni, na akianguka, Mungu apishe mbali, madhara yake si sawa na ya kuanguka kutoka tawi la mita 5. Ngazi ya kamba, ambayo vijana huitamani sana, haifai, kwa kuwa inamfungia nje bibi, mama mjamzito na kila mwenye maumivu ya magoti. Jenga ngazi ya kweli: vipando 9 vya kimo cha sentimita 17 hivi kila kimoja, na mahali pa kukanyaga pawe na upana wa sentimita 28, ili unyayo wote utulie. Weka cha kushikia pande zote mbili. Kingo za sakafu ziwe na kimo cha mita 1 au zaidi, na vijiti vyake visimame wima, kwa sababu vikilazwa watoto huvigeuza ngazi. Nafasi kati ya kijiti na kijiti isizidi sentimita 10, kichwa cha mtoto mchanga kisije kikapita. Chini, pande zote ambazo mtu anaweza kuangukia, mwaga mchanga laini au maranda ya mbao ya kina cha sentimita 25 hadi 30, na usiruhusu mtu yeyote kupaka saruji hapo kwa kisingizio cha usafi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo zito kuliko yote, na ambalo mafundi hawaligusi kabisa: jirani. Fanya hesabu pamoja nasi. Sakafu iko mita 1.5 juu. Mtu mzima wa kimo cha wastani akisimama hapo, macho yake yako kiasi cha mita 3 kutoka ardhini. Ukuta wa uwanja wako, kama ni kama kuta zetu nyingi, una mita 2. Maana yake ni kwamba kila anayesimama kwenye dungu lako anauona uwanja wa jirani: kamba yake ya nguo, mlango wa bafu lake, mkewe na binti zake waliokaa uani kichwa wazi wakisukana. Hata aliyeketi mkekani, macho yake yako mita 2 na zaidi kidogo, na akiwa karibu na ukuta bado anaona. Jirani yako alijenga ukuta ule, au uliujenga wewe, kwa ajili ya sitara. Kwa mbao 15 tu unaweza kuufanya ukuta huo usiwe na maana.

Sura ya An-Nur imetufunza kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba zisizo zetu, na wanazuoni hawakuona kwamba macho yamesamehewa hukumu hiyo. Imepokelewa kwa Sahnun, kadhi wa Kairuan aliyefariki mwaka 240 Hijria, sawa na 854 Miladia, kwamba aliulizwa kuhusu msikiti ambao muadhini wake akipanda mnarani huona ndani ya nyumba za watu. Akawapa watu wa nyumba zile haki ya kumzuia asipande. Sahnun alikuwa wa madhehebu ya Maliki, na wengi wetu wa pwani hii ni Mashafii, lakini jambo lenyewe halihitaji madhehebu kulielewa. Ikiwa mtu aliyepanda kuwaita watu kwenye Sala aliwekewa mpaka, aliyepanda kula embe atawekewa mpaka mkubwa zaidi. Na wazee wetu walilijua hili katika ujenzi. Nyumba za kale za mawe za Lamu zina daka mlangoni, kisha tekani, kisha njia hukunja kabla ya kufika kiwandani, ili mpita njia asiweze kuona ndani hata mlango ukiwa wazi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua ubao wa kwanza, leta ngazi ya fundi rangi, ipandishe mahali unapokusudia kujenga, na upande wewe mwenyewe kwa kipimo cha sakafu. Lakini kwanza kabisa nenda kwa jirani, umwambie siku na saa utakayopanda, ili watu wake wajisitiri. Hapo utajua ni upande upi unaoona na upi hauoni. Pengine itatosha kulisogeza dungu upande mwingine wa shina, au kuteremsha sakafu hadi mita 1.2. Pengine itabidi upande wote unaoelekea kwa jirani uzibwe kwa kimo cha mita 1.8 kutoka sakafuni, kwa makuti yaliyofumwa, kwa chane za mianzi au kwa mbao zilizopigwa karibu karibu, na uso wa dungu uelekee nyumba yako. Pazia la kitambaa halitoshi, upepo wa kusi hauna adabu. Kisha rudi kwa jirani umweleze ulichoamua, na uwaalike watoto wake. Akikataa kata kata baada ya yote hayo, ushauri wetu ni kuacha na kutandika mkeka chini ya mti. Kuishi na jirani aliyenuna miaka 20 kwa sababu ya kibanda ni biashara mbaya.

Kuhusu mti wenyewe, si kila mti ulio uwanjani unafaa kukaliwa. Mnazi uondoe mawazoni, kwa kuwa nazi moja ikianguka juu ya kichwa haina msamaha. Mfenesi una tatizo hilo hilo, na fenesi ni zito kuliko nazi. Msufi una miba shinani na matawi yake ni mepesi kuvunjika. Mkungu una tanzu zilizokaa kama sahani, moja juu ya nyingine, na kivuli chake ni kizuri, ila hupukutisha majani kwa msimu na kuliacha dungu juani. Mkwaju ni mti mgumu na mvumilivu wa upepo. Mwembe mkubwa hauna mpinzani: mizizi yake huzama sana, majani yake hayapukutiki yote kwa pamoja, na kivuli chake ni kizito hata saa saba za mchana. Nao umekaa nasi muda mrefu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta watu wakila wali kwa achari, na miongoni mwa achari hizo ilikuwamo ya maembe machanga.

Ukague mti kabla ya kuuamini. Gonga shina kwa nyundo ya mbao usikilize kama una uwazi ndani. Tazama kama kuna uyoga unaoota chinichini ya shina, matawi makavu, au mpasuko pale matawi mawili makubwa yanapoachana. Dalili mojawapo ikionekana, mwite anayejua miti kabla ya kumwita fundi seremala.

Hata mti ukiwa mzima, sisi tunashauri usiubebeshe mzigo. Sakafu na isimame juu ya nguzo zake nne, na mwembe utoe kivuli tu. Sababu ni mbili. Kwanza, uzito si mdogo: sakafu ya mita za mraba 9 ijengwe ili ihimili angalau kilo 200 kwa kila mita ya mraba, yaani kilo 1,800, kwa sababu siku ya Iddi hutaweza kuwahesabu waliopanda. Pili, mti ni kiumbe hai, hukua na hucheza na upepo. Mbao zilizokazwa kwenye shina zitapasuka au zitalipasua. Acha nafasi ya sentimita 5 hadi 8 kuzunguka shina na kila tawi linalopita sakafuni, na uipanue kadiri linavyonenepa. Usilifunge tawi kwa mnyororo au waya hata kidogo, kwani chakula cha mti hupita chini tu ya gome, na tawi lililokabwa hufa polepole. Misumari mingi nayo ni majeraha mengi. Kama hapana budi kushikiza kitu mtini, bolti moja nene ni afadhali kuliko misumari 30.

Nguzo ziwekwe mbali na shina, mita 1.5 au zaidi, na ukichimba ukakuta mzizi mkubwa, usogeze shimo, usikate mzizi. Mchwa wetu tunawafahamu, hivyo nguzo isizikwe tupu: iketi juu ya zege, ikishikwa kwa kiatu cha chuma kilichoinuka kidogo kutoka ardhini, au iwe mti uliotiwa dawa kiwandani. Boriti za mikoko ndizo zilizojenga nyumba za wazee wetu, na ni imara sana, lakini mikoko siku hizi hukatwa kwa kibali tu, basi muulize muuzaji karatasi zake. Mirunda ya mkaratusi iliyotiwa dawa inatosha. Jihadhari na masalio ya mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani: usizichome jikoni, moshi wake na majivu yake yana sumu. Paa liwe la makuti. Bati chini ya mwembe ni adhabu, joto mchana na mzinga kila embe linapoanguka. Lakini makuti hushika moto upesi, kwa hiyo chetezo cha udi, jiko la mkaa na dawa ya mbu ya kuchoma vibaki chini.

Wako wenyeji wengine wa mwembe ambao nao wana haki yao. Maji moto, wale siafu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wataudhi siku za mwanzo. Si maadui tu. Wataalamu waliwachunguza Zanzibar tangu miaka ya 1950 na kuona kuwa huilinda minazi dhidi ya wadudu waharibifu. Kata matawi yanayogusa dungu, nao wengi watabaki kwao juu. Nyoka wa kijani wa miti ya pwani ni jambo jingine, ana sumu kali. Mtu mzima atangulie kupanda kila asubuhi, atikise mikeka, atazame juu. Utomvu wa embe huunguza ngozi, hivyo usitandike chini ya tawi lililotoka kuchumwa. Na tuongeze neno hili: wazazi wanaowazuia watoto kwa kuwaambia mti una mashetani waache. Mtoto ataanguka kwa kukosa mahali pa kushika, na hofu ya usiku haitamjengea kingo.

Kazi ya nguzo, mihimili na boriti ni ya fundi, na siku hiyo watoto wakae mbali. Kuanzia hapo kazi ni ya familia. Wakubwa wapime na kushika pimamaji, wadogo wapige msasa vijiti vya kingo, mama aamue mahali pa rafu ya vikombe na vitabu, kwani asipoulizwa sasa dungu litakuwa kazi nyingine ya kufagia juu ya zile alizo nazo. Baba naye awepo, si kwa kutuma pesa. Tunajua baba wengi huondoka alfajiri na kurudi baada ya Isha. Dungu la ukubwa huu huchukua Jumamosi na Jumapili nne au tano, na ni nadra kwa mtoto kupata siku nane mfululizo za baba yake. Mkubaliane pia masaa: asubuhi ni ya wadogo na dada yao mkubwa, baada ya alasiri ni ya wanawake wa nyumba, na Magharibi ikiadhiniwa kila mtu ashuke. Usiku hakupandwi.

Kabla ya masika na kabla ya vuli, kaza bolti zote, jaribu kila kijiti cha kingo kwa kukisukuma kwa uzito wako, badilisha ubao uliolainika, na kata matawi makavu yaliyo juu ya dungu. Makuti yatahitaji kubadilishwa baada ya miaka michache. Anayeishi nyumba ya kupanga aombe idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kuchimba, na atumie bolti badala ya misumari hata kwenye boriti na kingo, ili siku ya kuhama aweze kulifungua dungu lote, kulipakia kwenye gari pamoja na vitanda, na kuuacha mwembe kama alivyoukuta.